Vumbi la Papai na Karatasi ya Wolfgang

Maisaka,
S.L.P. 88,
Babati.
12 Agosti, 1984

Mpendwa mdogo wangu Damasi,

Marahaba. Shikamoo yako imekaa njiani wiki tano, lakini haikuchacha, nimeipokea. Hujambo wewe, na mkeo Aikande, na watoto? Joto la Mtwara mmeshalizoea? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Kandida wangu ametimiza miaka kumi na minane na amenipita urefu. Mahindi ya shamba la Nakwa yametoka kidogo, ila mbaazi zimetukumbuka. Sabuni hakuna, tunafulia majivu. Karatasi nazo ni za shida, kwa hiyo usishangae ukiona nimekuandikia kwenye karatasi za kila namna.

Sasa tuje kwenye lile lako. Unasema rafiki yako Wolfgang, meneja wetu, uliyesoma naye na ukaniombea kazi kwake, amekulalamikia kwamba dada yako ana kiburi. Unataka nimwombe radhi na nitie sahihi karatasi yake, mambo yaishe. Damasi, mimi nimekubeba mgongoni, ndiyo maana nakujibu kwa upole. Sitii sahihi.

Uelewe kwanza kazi yenyewe, maana najua yeye hakukueleza. Mashambani Magugu wanachanja mapapai mabichi, utomvu mweupe unadondoka, unaletwa kwenye banda letu na kukaushwa kwenye tanuri. Sisi wanawake wanane tunauponda na kuuchekecha mpaka uwe unga laini, unafungwa kwenye makopo, unakwenda Ulaya. Kule wanautia kwenye bia ing'ae na kwenye nyama ngumu ilainike. Taifa linapata fedha za kigeni, sisi tunapata vumbi.

Mwaka wa kwanza nilipiga chafya tu, macho yakitoa machozi, na ngozi ya vidole ikachubuka. Mwaka wa pili kifua kikaanza kupiga mluzi. Jumapili napata nafuu, Jumatatu jioni nimekaa nimeshika magoti natafuta pumzi. Jirani mmoja akasema nimerogwa. Nikamuuliza ni mchawi gani huyo anayepumzika Jumapili kama Mkatoliki.

Nikaenda kwa tabibu Herieli. Yule kijana ana maneno machache lakini anasikiliza. Aliniambia ndani ya utomvu wa papai mna kitu kinaitwa kimeng'enya, na kazi yake ni kukatakata nyama vipande vidogo visivyoonekana. Pua na koo vina ngozi laini yenye unyevu, na kamasi juu yake, huo ndio ulinzi wa mlangoni. Vumbi likitua pale, kimeng'enya kinafumua ile ngozi kama mshono wa nguo na kupenya ndani. Hapo mgambo wa mwili wanaamka, wanamkariri yule mgeni, na tangu siku hiyo akionekana hata kidogo tu wanavamia. Vurugu zao ndizo zinazovimbisha njia ya pumzi. Wengine mgambo wao ni wapole, hukaa na vumbi miaka wasikohoe. Wangu si wapole. Nilikaa nyumbani mwezi mzima nikapona kabisa, nikarudi bandani, na saa moja haikuisha nikabebwa kwenye mkokoteni.

Wolfgang ndipo alipoleta karatasi yake. Inasema pumu hii nilikuja nayo kazini, ni ya ukoo. Nikisaini napewa miche sita ya sabuni, kilo tano za sukari na doti ya khanga, na nafasi yangu anapewa Kandida. Nakiri kwako kwamba ile sabuni niliitamani. Niliinusa hata nikasikia aibu.

Na wewe unaniandikia kwamba hata Baba alikuwa anakohoa. Baba alikohoa kwa sababu ya kiko chake, na alipandisha gunia la mahindi mlimani begani mpaka uzee wake. Usimsingizie marehemu. Halafu jiulize jambo dogo, wewe uliyesoma kuliko mimi. Kama ni pumu ya ukoo, mbona rafiki yako anamtaka binti wa ukoo huohuo akachekeche? Ama ugonjwa ni wa kwetu na mtoto asiguse kazi hiyo, ama ni wa banda lake. Achague moja.

Unakumbuka ubatizo wa Kandida, Mama alipotia papai bichi kwenye nyama ya yule ng'ombe mzee na kulisahau humo? Nyama ikawa uji, na wewe ukainywa kwa kikombe mbele ya padri. Mimi nililikumbuka hilo. Wiki iliyopita Wolfgang alipotuita bandani kutuambia kuwa unga hauna madhara, nilikwenda nimejifunga kitambaa chenye maji puani, na kipande cha nyama ngumu ya muundi wa ng'ombe kwenye sahani. Mama Ombeni, aliyefanya kazi pale miaka minne bila kukohoa, akaninyunyizia unga juu yake, tukafunika, tukaweka karibu na tanuri. Kisha tukamwacha Meneja aseme, na unajua yule akianza kusema. Alipomaliza nilifunua nikabonyeza nyama kwa kidole, kidole kikazama. Akasema hiyo ni nyama, si mtu. Mama Ombeni akamuuliza, "Na sisi Bwana Meneja ni nini, mbao?"

Tangu siku hiyo hakuna aliyeingia chumba cha kuchekecha. Wenzangu saba wanadai vitambaa vya pua, madirisha mapana, na anayeugua apewe kazi ya nje na atibiwe. Bado hawajapewa kitu. Mimi nimefutwa kazi na siwezi kukudanganya kwamba haijaniuma. Usiku nalala, na kifua kimenyamaza, ila njaa nayo tunaiona inavyopiga hodi. Basi. Nitalima mbaazi. Lakini Kandida hataingia chumba kile nikiwa hai, na wewe kama mjomba wake ulipaswa kulisema hilo kabla yangu. Hapo nimekukasirikia, na nakwambia wazi ili nisikununie.

Mweleze Wolfgang ninavyokueleza. Urafiki wenu siuvunji, ila usiulishe mwanangu.

Msalimie sana Aikande, mwambie ule mkeka wake bado tunaulalia. Wabusu watoto. Baba mdogo Marcel akipita kwako, mpe shikamoo yangu. Kandida anakuamkia, na Mama Ombeni pia, ingawa hakujui. Mungu awalinde nyote na awape pumzi ndefu.

Karatasi za daftari la Kandida zimeniishia, kwa hiyo huu ukurasa wa mwisho nimeuandika nyuma ya karatasi ya Wolfgang mwenyewe. Ukiugeuza utaisoma yote, na chini utaona mstari wa sahihi ukiwa mtupu. Jina langu naliweka upande huu.

Dada yako akupendaye hata akikukaripia,

Xaveria