Kuinuka Kutoka Sakafuni

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanguka jikoni. Sikuteleza, sikujikwaa – miguu iliniishia nguvu tu, nikajikuta chini, kati ya meza na jiko. Sikuvunjika kitu. Ila kuinuka nikashindwa. Nililala natazama uvungu wa meza huku maharage yakikauka sufuriani na kuanza kuungua. Nikaita. Sauti ikatoka kama ya paka. Mpangaji wa juu alisikia harufu, akashuka kuniinua. Mwanangu nitamwambia nini?

Jumanne, 4 Machi
Sikumwambia. Mpangaji kamwambia. Binti kaja na mumewe kabla sijamaliza chai. Nihamie kwao, chumba kipo, nipumzike. Na karakana yangu? Vyerehani vya watu virudishwe, anasema, kazi hiyo basi. Mkwe alikuwa akizungusha gurudumu la cherehani cha mama mashuka, mteja wangu anayeshona mashuka. Mimi natengeneza vyerehani tangu huyu binti hajazaliwa! Nilitaka kumwambia hivyo. Nikasema nitafikiria. Sikuwasindikiza hata mlangoni – niliogopa nitayumba, aone.

Alhamisi, 6 Machi
Kliniki. Dada wa mazoezi katandika mkeka, kaniambia nilale chini. Nikadhani ananitania.
“Bibi, kuanguka kila mtu anaanguka,” akasema. “Mimi nakufundisha kuinuka.”
Ubavu kwanza. Kisha kiwiko. Kisha magoti na viganja, kama mtoto anayetambaa. Ukifika kwenye kiti, viganja juu yake, mguu wenye nguvu mbele, jisukume. Nilifika magotini nikalia. Si maumivu. Kile kiti kilikuwa juu mno.
Akasema nipumzike, hakuna anayenikimbiza. Tukarudia, kaniwekea kiganja mgongoni. Nikainuka. Akanipongeza. Mimi moyoni najua ni kile kiganja.

Jumamosi, 8 Machi
Nyumbani kwangu natembea kama mwizi, nimeshika ukuta. Sipiki, nakula mkate. Maji nakunywa kidogo nisiende chooni mara kwa mara. Ujinga, najua.
Mama mashuka kaja kuchukua cherehani chake, mwanangu kampigia simu. Nikamwambia akae kidogo. Nikakifungua pale pale mbele yake, nikatoa nyuzi zilizojisokota chini, nikakaza, nikatia mafuta. Kikashona kama maji. Mikono haikutetemeka hata kidogo – yenyewe haina habari kwamba nimeanguka. Kafurahi, kasema ataniletea na cha dada yake. Alipoondoka nilibaki kwenye kigoda, naogopa kusimama.

Jumapili, 9 Machi
Mwanangu kapiga simu. Kesho wanakuja na gari kubeba vitu. Nikamwambia sijakubali.
“Mama, siku mpangaji hayupo itakuwaje?”
Naye anaogopa, maskini. Tunaogopa kitu kimoja, kila mtu upande wake wa simu.

Jumatatu, 10 Machi
Niko sakafuni. Nimeshuka mwenyewe, kwa hiari yangu. Kiti nimekiegemeza ukutani kisiteleze, komeo la mlango nimeliacha wazi. Nilitaka niweze angalau mara moja kabla hawajafika, bila kiganja cha mtu.
Nimejaribu. Magotini nilifika, mkono ukalegea, nikarudi chini. Kijasho chembamba kinanitoka. Moyo unadunda hadi masikioni. Napumzika, naandika nisije nikapiga kelele.
Gari limesimama nje. Mapema hivi! Binti anamwambia mumewe ashushe maboksi. Anagonga.
Nimemwambia nipo, asubiri hapo hapo.
“Mama, mbona sauti inatoka chini? Umeanguka?”
Hapana, nimemwambia. Nimeshuka.
Namsikia mkwe, taratibu: mwache kwanza. Binti analia, nadhani. Kitasa kimeinama nusu, kimebaki hapo hapo.
Naweka penseli chini. Ubavu kwanza.