Siku ya Kwanza Hatuendi Mbali

Mpendwa Bibi yangu,

Shikamoo. Najua ungeitika, "Marahaba, mke mwenzangu," kisha ungeniuliza kama mume wetu bado anakoroma. Bado anakoroma, Bibi, na ukuta wa nyumba yetu ni wa bati.

Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni hapa Kigoma, katikati ya mizigo, na mtoto mchanga amelala mkekani pembeni yangu. Kesho tunapanda gari moshi kuja Tabora. Ni mara ya kwanza nafunga mizigo ya mtoto bila wewe kunifungulia kila ninachofunga. Nimecheka peke yangu tangu asubuhi, maana kila nikishika nguo nakumbuka ile safari yetu ya kwanza, ya Kalunde, mwanangu wa kwanza, na vituko ulivyonifanyia.

Kalunde alikuwa ndiyo kwanza anaanza kucheka. Baba yake alikuwa hajamwona, kwa sababu alipata kazi bandarini huku mimi nikiwa bado na mimba. Kila aliyetoka Kigoma alileta salamu zilezile: mleteni mwanangu nimwone angali mdogo. Ukasema, "Sawa, mwende." Na tangu siku uliyosema sawa ukaanza kutafuta kila njia ya kutuzuia. Nilikuelewa. Ulinilea tangu mama yangu alipofariki, na katika nyumba ile ya Ipuli, pale Tabora, tulikuwa wawili, kisha watatu. Tukiondoka sisi ulikuwa unabaki na kuku.

Wewe ulikuwa mtoto wa msafara. Ulibebwa mgongoni mwa mama yako mpaka pwani, baba yako akiwa mbele na pembe ya ndovu begani, na kwako safari ilikuwa jambo la miguu lenye sheria zake. Mara ya kwanza tulipotoka, tulikuwa tumeshapita shamba la mihogo ndege akalia upande wa kushoto. Ukasimama, ukageuka, ukaanza kurudi nyumbani na mzigo wako kichwani bila hata kuniambia neno.

"Bibi, gari moshi halisikilizi ndege," nikakuambia.

"Ndiyo maana linapita porini linapiga kelele. Halina adabu."

Mara ya pili Kalunde alipiga chafya nilipomwinua kumweka mgongoni. Ukavua kaniki yako ya safari, ukaitundika. Mtoto amekataa, ulisema, na mtoto akikataa mkubwa hana la kusema. Mtoto mwenyewe alikuwa anacheka. Nilikuambia baba yake atakuja kumkuta na meno yote, ukanijibu kwamba mwenda pole hajikwai. Nikasema, asiyeenda kabisa naye hajikwai, lakini hafiki. Ulinitazama, Bibi, kisha ukacheka mpaka ukakaa chini. Nilidhani nimeshinda.

Hukuwa umeshindwa. Ulisema safari hii tutaondoka kwa utaratibu wa wapagazi: siku ya kwanza hatuendi mbali. Ulinieleza kwamba zamani msafara ukitoka Tabora ulitembea kidogo tu, ukapiga kambi karibu, ili aliyesahau kitu arudi kukichukua, na aliyesahau kumuaga mtu arudi kumuaga. Safari yenyewe ilianza kesho yake. Kwa hiyo sisi, watu wa gari moshi, tukahama Ipuli siku moja kabla na kupiga kambi Isevya, mjini hapohapo, kwa rafiki yako Bi Zuhura, aliyekuwa akiuza tende na kahawa.

Basi ukawa unasahau. Hatujamaliza kunywa kahawa ukakumbuka kinu kidogo. Ukaenda Ipuli, ukarudi nacho kichwani. Kisha ukakumbuka michembe, kana kwamba viazi vikavu ni chakula cha mtoto asiye na jino hata moja. Ukaenda tena, ukarudi. Jua lilikuwa linaelekea kuzama ulipotokea na kifurushi cha chumvi, na hapo Bi Zuhura akashindwa kuvumilia.

"Nyamizi, unawapa chumvi waipeleke wapi? Gari linapita Uvinza. Chumvi yote tunayokula hapa inatoka huko."

"Ya huko simjui mpishi wake," ukasema, na ukakifunga kifurushi ndani ya nepi za Kalunde. Nilizifua nepi zile Kigoma nikiwa nacheka na kulia. Chumvi ilikuwa imeingia kila mahali.

Asubuhi stesheni wewe mwenyewe ulimfunga Kalunde mgongoni mwangu. Ulikaza mbeleko, ukailegeza, ukaikaza tena. Ukaingia nasi ndani ya behewa la daraja la tatu, ukapanga mizigo chini ya benchi, ukamkaripia mwanaume mmoja aliyekuwa amekaa dirishani kwamba mtoto anahitaji upepo. Akahama. Wewe ukakaa. Kengele ikagongwa, nikakuambia, "Bibi, shuka, tunaondoka." Ukatazama nje kama hukunisikia. Gari likapiga honi, likaanza kusogea, nami nikashika mkono wako nikiwa nimechanganyikiwa, naona ukiruka utavunjika, ukibaki utakamatwa.

Ndipo ulipofungua fundo la kaniki yako polepole na kunionyesha tiketi.

"Mimi nafika Mabama, kituo cha hapo mbele tu," ukasema. "Siku ya kwanza hatuendi mbali."

Behewa zima lilicheka. Mimi sikucheka. Nilikuegemea begani njia yote ile. Ulikuwa umempakata Kalunde unamwonyesha miti ya miombo inavyokimbia, ukimwambia kwa Kinyamwezi kwamba mama yako alipita misitu kama hii kwa miguu na hakulalamika. Sijui kama niliwahi kukuambia kwamba ile ndiyo saa niliyokupenda kuliko zote.

Mabama ulisimama chini, dirishani, na fimbo yako mkononi. Uliniuliza, "Umesahau nini, nirudi nikuletee?"

Nikatazama mizigo. Nikakutazama wewe. Nilijua ningetaja kitu chochote, hata kijiko, ungeshika njia.

"Sijasahau kitu, Bibi. Kila kitu kipo."

"Basi nendeni, baba yake anamngoja."

Ukageuka, ukaifuata reli kurudi Tabora kwa miguu, umenyooka, ukienda mwendo wa mtu anayejua njia.

Baba Kalunde alimpokea mtoto pale stesheni ya Kigoma. Mtoto akamshika pua. Nilitamani uone.

Bibi, habari za kufariki kwako zilinifikia siku zangu za kujifungua zikiwa zimekaribia, wakanikataza kusafiri. Niliumia sana. Lakini huzuni ile haikupata muda wa kukaa, kwa sababu alikuja huyu hapa mkekani, mtoto wa kike, mwenye paji la uso lako na, Mungu anisamehe, ubishi wako. Hanyonyi mpaka atake yeye. Majirani wanauliza anaitwa nani, nawaambia jina lake liko Tabora. Baba yake amechoka, anasema tumwite chochote kwa sasa. Nimekataa. Mtoto anayerithi jina la mkubwa hupewa mlangoni pa mkubwa huyo, ulinifundisha wewe, na wajomba zangu wa huko wameshaambiwa waandae pombe ya mtama.

Kwa hiyo nafunga mizigo, nina furaha isiyo na aibu. Kalunde ananisaidia kukunja nguo na ananikosoa. Dagaa wa kuwapelekea wajomba wananuka nyumba nzima. Nimefunga kila kitu mara moja tu, sikufungua.

Tukifika Ipuli sitaingia ndani moja kwa moja. Nitasimama mlangoni kwako na mtoto mikononi, wajomba wakiwa wamenizunguka, na nitaliita jina lako kwa sauti, kama nilivyokuwa nikiliita nikitoka kisimani: Nyamizi. Najua hutaitika, na sitalia. Nitamtazama huyu, nimwite tena, mpaka ageuze uso.

Pumzika kwa amani, Bibi. Nakupenda.

Mjukuu wako na mke mwenzio,
Mama Kalunde