Ndugu Yangu Ameposa kwa Mjane Mwenye Mabinti

Bi Mshauri mpendwa, baada ya salamu nakuomba unisaidie upesi, kwa kuwa nikisema nimevunja nyumba yetu na nikinyamaza naogopa nitavunja ya watu. Mimi ni mke wa mtu, nakaa Likoni, na ndugu yangu wa tumbo moja, nimwite Mwidani, ametoka jela baada ya Ramadhani akiwa mpole, safu ya mbele msikitini, na watu wote wamfurahia ila mimi, wallahi sijui kama ni moyo mbaya nilio nao.

Zamani Mwidani alimnajisi binti wa jirani yetu, wazee wakakaa wakasema tusitiriane, hatupeleki mtoto wetu kwa polisi wa Mzungu, naye ami yetu Mwinyihaji akamhamishia Utange kwenye shamba lake, ambako hakuna aliyeambiwa neno, na huko akamfanyia vilevile mtoto wa mkwezi wa minazi, lakini mama wa mtoto huyo alikataa kusitiriwa, akaenda mwenyewe polisi na mwanawe mkononi, ndipo Mwidani akafungwa. Sasa ami asema dawa yake ni mke, atatulia, na wamemposea mjane wa Changamwe, nimwite Barke, mwenye mabinti wawili wadogo.

Kinachonitia shaka ni kwamba Barke mwenyewe simsikii akimtaja, ila wale watoto majina yao ayajua, chuo wasomacho Kurani akijua, na juzi akila wali kwangu alisema, "Nikishaoa, mimi ndiye nitakayewapeleka chuoni, mama yao asisumbuke." Mume wangu, ambaye hajaambiwa kwa nini Mwidani alifungwa, akasema, "Huyu ndiye baba wa watoto." Mimi nikainuka nikatoa sahani. Binti yangu simtumi tena kwa nyanya yake tangu Mwidani arudi kukaa pale, humsingizia homa.

Jumapili akaja shangazi yake Barke, Bi Dhahabu, kuulizia kama ilivyo ada. "Mwanangu, wewe ndiye dada, nambia kweli, kijana huyu ana ila?" Kabla sijafungua kinywa, mama yangu aliyekuwa amekaa nasi akadakia, "Ila yake ni ufukara tu, bibi." Bi Dhahabu hakumtazama mama, alinitazama mimi, nikasema nitampelekea jibu kwake kabla ya Ijumaa. Alipotoka mama akanambia, "Ukisema, radhi yangu huna." Na ami asema mtu akishafungwa yamekwisha, na kumfichua mja aliyetubu ni dhambi. Nifanyeje?

Mwanatatu (si jina langu), Likoni

JIBU

Bi Mwanatatu, jibu hili nilikutilia posta siku ileile, maana posa haingoji gazeti, na nalichapisha sasa kwa idhini yako.

Pole sana. Radhi ya mama si jambo jepesi. Lakini niruhusu nikushuku na wewe kidogo. Wasema hujui kama una moyo mbaya. Wajua sana kuwa si moyo mbaya. Binti yako umemsingizia homa asifike kwa nyanya yake, basi hukumu umeshaitoa, ila umeitoa kwa faida ya mwanao peke yake. Wa Barke nani atawasingizia homa?

Ami yako simwamini hata kidogo. Mtu huyo hakusitiri, alihamisha. Likoni hadi Utange, Utange hadi Changamwe, na kila afikapo ndugu yako akuta watoto ambao wazazi wao hawana habari. Mke si askari jela. Na toba gani hii inayokimbilia nyumba yenye mabinti? Aliyetubu husema mwenyewe, "Nina maradhi haya, niwekeni mbali na watoto." Mwidani amewahi kusema hivyo? Na hilo la kutompeleka mtu wenu kwa Mzungu, kesho Uhuru ukija, askari na hakimu watakuwa watoto wetu. Mtatafuta udhuru gani?

Fanya hivi. Mweleze mumeo kwanza, yote. Kisha nendeni pamoja Changamwe, mchana, umwambie Barke mbele ya shangazi yake yale mnayoyajua kwa hakika: la jirani na la Utange. Usiongeze chumvi. Ukirudi, mwambie ndugu yako usoni kwamba umesema. Asipigwe wala asifukuzwe, maana akifukuzwa atatokea pengine wasikomjua. Akae papo hapo Likoni, afanye kazi na watu wazima, asikabidhiwe mtoto, hata wa ukoo, hata wa kutumwa dukani. Majirani wenye watoto waambiwe. Likizuka jingine ni polisi, si baraza la wazee. Mama yako atanuna. Mtumikie kama siku zote, lakini radhi ya mzazi haitafutwi kwa kudhulumu mayatima.

Hayo ndiyo niliyokuandikia. Nawe umenijibu kwamba ulikwenda, kwamba Barke alikusikiliza mpaka mwisho pasi kukukatiza, akawaita wanawe waingie ndani, na posa akaikataa papo hapo. Mama yako hadi leo hasemi nawe. Tena waniambia Barke alipokusindikiza mlangoni alikuuliza, "Na yule mtoto wa Utange, yu hali gani?" nawe ukamwambia kwamba kwenu hakuna aliyewahi kuuliza.

Basi nenda Utange, ukaulize.