Kibanja cha Nikuze

Dar es Salaam, 9 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo wa mama umepata nafuu. Mimi ni mzima. Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatisha.

Jirani yetu Jenifa ameniambia yule tajiri Ambrose anamwondoa Nikuze kwenye kile kipande cha ardhi ili apande kahawa, na kwamba wewe, mtendaji wa kijiji, ndiye utakayetia saini na kutuma mgambo. Nikuze amelima pale tangu sijazaliwa. Huku tunasoma Umaksi: kwamba serikali ni mkono wa tabaka lenye mali. Nimebishana sana na mwalimu wetu. Baba, usinifanye nikubaliane naye.

Binti yako,
Benadeta

Kamuli, 27 Februari 2024

Binti yangu,

Marahaba. Tuko wazima, ila mama bado anainama kwa shida.

Hiyo serikali ya vitabuni sijawahi kuiona. Ya hapa ni mimi na pikipiki isiyo na mafuta. Ambrose ana hati. Nikuze ana migomba tu. Nikikataa, ataletwa mtendaji mwingine, nawe utasomeshwa na nani, huyo mwalimu?

Nikuze alikuja ofisini. Hakulia. Alisema, "Mtendaji, niambie tu nikalime wapi."

Nimetia saini.

Baba yako

Kamuli, 16 Juni 2024

Benadeta mwanangu,

Hujambo huko? Hukujibu, na mama ananiuliza mimi.

Nimempa Nikuze kona ya kibanja chetu, kule kwenye migomba ya babu yako. Bila karatasi, kijirani tu. Jana aliniletea kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi za mkungu wake wa kwanza. Asubuhi anapalilia kahawa yetu, na hakuna aliyemwomba. Sasa utaniandikia?

Baba yako

Dar es Salaam, 1 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Poleni na kazi, na unisalimie mama.

Bibi alitusimulia desturi ya zamani ya nyarubanja: mwenye ardhi alipelekewa rubisi ya kwanza, na akishainywa, aliyeileta amekuwa mtu wake, yeye na watoto wake. Sheria iliifuta. Nikuze hajaisahau, wala wewe. Ambrose alihitaji saini yako ili amwondoe. Wewe umempata bila saini ya mtu. Na mimi nasomeshwa na kahawa anayoipalilia. Tangu barua yako ifike, darasani sinyooshi tena mkono kumbishia mwalimu.

Mwandikie ile kona iwe yake, mbele ya mashahidi. Halafu niambie jambo moja: ulikunywa?

Benadeta

Kamuli, 20 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mama hajambo sasa, anatembea hadi kanisani.

Nilikunywa. Nilimwambia akae kwenye kiti, akakataa. Alipiga magoti akasubiri mpaka nimalize, nami sikuharakisha. Ilikuwa rubisi nzuri.

Kuhusu kumwandikia, kaka zako hawatakubali. Sijawauliza.

Kahawa imeiva. Kesho Nikuze anakuja na wanawe, tuanze kuchuma.

Baba yako