Majina Saba Niliyoyataja Maktabani

Baba yangu uliyetangulia,

Nimekutia aibu. Nakwambia mapema, usije ukadhani nakuandikia kukujulia hali tu.

Hapa Woolwich, huku kwa Waingereza, maktaba yetu ina kikundi cha kusoma, kila Jumamosi mchana. Anayekiongoza ni Aigul, mama mmoja wa Kazakistani ninayefanya naye kazi ya kutunza wazee. Safari hii tunasoma hadithi fupi za kwao, zilizotafsiriwa kwa Kiingereza, na wallahi, Baba, ungezipenda. Mgeni hatoki kwa mtu bila kula. Kijana hamkatizi mkubwa maneno. Na mtoto hufundishwa majina ya baba zake saba, toka babake mzazi kurudi nyuma, kabla hata hajajua kufunga viatu.

Hadithi iliyoniponza ni ya mzee mfugaji aliyetembelewa na mjukuu wake msomi kutoka mjini. Mzee anamwambia awataje baba zake saba. Kijana anakwama kwa wa nne. Mzee hamgombezi. Anammiminia chai, kisha anageuza uso, na hadithi imeisha hapo.

Tukaanza kubishana. Nesi mmoja wa Kisumu akasema mambo hayo ni ya kuwabana vijana wasioe wanaowapenda. Aigul akacheka. "Kweli, kwetu ndani ya vizazi saba hatuoani. Lakini pia ni ili mtu asijione yuko peke yake duniani." Kisha akataka kila mmoja ajaribu. Mwingereza mmoja aliishia kwa babu yake. Nesi alifika kwa wa tano, akaomba radhi. Na mimi na kiherehere changu nikasema, "Sisi watu wa Mombasa nasaba hatukosi!"

Nikakutaja wewe, Athumani. Nikamtaja Babu, Omari. Halafu kichwa kikawa kitupu. Badala ya kufunga mdomo nikaendelea na majina ya watu baki: mwalimu wangu wa madrasa, kinyozi wa pale kona, refa wa mechi za mtaani, Mzee Kombo muuza mkaa, na wa saba nilimzua tu. Wakanipigia makofi. Aigul alikuwa akiyaandika.

Wewe ulikuwa ukitengeneza friji za watu pale barazani, na kila Ijumaa ukirudi msikitini unaniita: "Zuhura, njoo tuwataje wazee." Nilipokuwa mdogo nilikuwa nafika mbali, unanipa ubuyu. Nilipofika kidato cha tatu nikakujibu nikiwa chumbani, "Baba, hao wameshakufa. Mimi nina mtihani." Ukacheka, ukasema, "Haya, mama, kasome." Hukuniita tena. Miaka yote niliyokupigia simu kutoka huku hukuyagusa majina hayo, na mimi sikukuuliza.

Ijumaa iliyofuata Aigul alinigongea mlango. Ameshika mikate saba myembamba ya kukaanga, ya moto, ameifunga kwa kitambaa. Kwao Ijumaa huwakaangia wafu wao mikate na kuwaombea dua. "Nimewasomea wote," akaniambia, "mmoja mmoja kwa jina." Mzee Kombo, Baba! Mzee Kombo yu hai, anauza mkaa mpaka leo. Nikala mmoja pale pale mlangoni, nikamshukuru sana.

Ningenyamaza milele kama si Salma. Mjukuu wako ana miaka kumi sasa, Kiswahili anakielewa lakini hujibu kwa Kiingereza. Siku ile ya mikate aliyanakili yale majina kwenye karatasi ya Aigul, akayabandika juu ya kitanda chake, na wiki hii nimemsikia akiyakariri huku anavaa sare ya shule. Anawataja kinyozi na refa kwa heshima zote. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikampigia shangazi, nikamsihi anipe majina ya kweli. Akavuta pumzi. "Hayo alikuwa nayo babako. Sisi tulimtegemea yeye."

Juzi kazini nikamwambia Aigul yote. Alimaliza kutandika kitanda tulichokuwa tukitandika, akanyoosha shuka, ndipo akasema, "Basi wazee wako bado wanangoja dua."

Jana nikamkalisha Salma, nikakata majina matano kwa kalamu mbele ya macho yake. Akaitazama ile karatasi. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, mtoto ambaye hata maji huyaomba kwa Kiingereza:

"Babu alikuwa anawajua wote?"

"Wote."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Nimemwambia ukweli, Baba. Nilikuwa mle mle ndani, nakusikia unaniita.

Niwie radhi. Na huko uliko, nisalimie wale nisioweza kuwataja.

Binti yako,
Zuhura