Kiti cha Mshenga

Tunduma

Kwa Bibi yangu, mke mwenzangu,

Shikamoo Bibi. Natumaini barua hii imekukuta barazani unapepeta ufuta, na magoti hayakusumbui. Mimi mwili mzima. Hayo mengine ndiyo yamenifanya nishike kalamu. Najua utasema simu ipo, barua ya nini? Lakini simu ya Baba Mdogo unaijua, akipokea anaiweka sauti ya nje mpaka mbuzi wanasikia. Na haya si ya Baba Mdogo wala ya Mama, haya mtu anamwambia bibi yake tu. Nashukuru ulikwenda kisomo cha watu wazima. Soma mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Huku ni baridi na vumbi. Duka la spea linakwenda. Malori yamepanga foleni mpaka Mpemba yakisubiri kuvuka kwenda Zambia, na lori likisimama sana lazima kitu kife, kwa hiyo nauza.

Sasa sikia. Unakumbuka nilipomkataa yule mwalimu, halafu yule kijana wa mashine ya alizeti? Mkasema nina jini mahaba, ndiye anayenizuia nisipende wanaume. Mama akanipeleka kwa shehe, nikanywa kombe mpaka tumbo likawa linacheza maji. Nilikunywa kwa heshima yenu tu. Ukweli ni kwamba wenzangu wakimsifia kijana, mara kifua, mara macho, mimi niliona kama wanasifia kabati. Zuri, ndiyo, lakini la nini? Nikajua nimeumbwa baridi, nikanyamaza.

Basi, huyu Hamidu mwenye malori, ambaye mmepokea posa yake huko Kondoa. Picha mmeiona. Ni mzuri kweli, Bibi, akipita hapa hata wauza karanga wanasahau chenji. Kwa kuwa wazee wangu wako mbali, mshenga wake alianzia kwangu, anipime kwanza kabla ya kuwaandikia. Mshenga mwenyewe ni fundi umeme wa magari, Bwana Sefu, mjane, mtu mzima wa arobaini na ushee. Mfupi, upara, nguo zimetobolewa na maji ya betri. Nikamkaribisha kiti, maana duka langu lina kiti kimoja. Akakataa. Akageuza ndoo ya oili, akaikalia, akasema kiti ni cha mwenye posa, mshenga hana kiti.

Siku hiyo Mama Mutale, mteja wangu wa Nakonde ng'ambo ya mpaka, alikuja kunigombeza kwamba nafunga mapema. Kumbe yeye alikuwa anafuata saa ya kwao, na unajua kwao Zambia wako nyuma yetu saa nzima. Sisi tukiwa saa nne, wao saa tatu, na katikati ni barabara tu. Sefu akacheka, akaniuliza: "Mwanamke ana mapacha. Kulwa anazaliwa Tunduma, saa sita na dakika kumi usiku, Jumamosi imeshaingia. Mama anakimbizwa hospitali Nakonde, Doto anazaliwa kule nusu saa baadaye, lakini kwao bado Ijumaa. Nani mkubwa?"

Bibi, nililala na lile swali. Kesho yake alipokuja nikamwambia mkubwa ni Kulwa, kwa sababu saa waliipanga watu na tumbo hawakulipanga wao. Akabisha. Nikambishia. Akafikiri, akapiga goti lake, akasema, "Hapo umenipata." We! Nilisikia joto kuanzia utosini likashuka mpaka, basi, wewe ni mke mwenzangu, unajua mpaka wapi.

Akawa anakuja kila siku kufuata jibu la posa, na kila siku tunasahau posa tunabishana. Akiondoka anasema, "Hamidu anakusalimia." Mimi nikajua joto lile ndilo la posa, kwamba hatimaye na mimi nimependa kama wanawake wengine. Nikamwambia, "Waandikie wazee wangu. Nimekubali." Furaha niliyokuwa nayo siku ile mliisikia hata kwenye simu.

Wiki iliyopita Hamidu akaja mwenyewe. Akakalia kiti. Ananukia vizuri, ana adabu, na si mtu mbaya, nisimsingizie. Nikamtegea lile swali la mapacha. Akasema, "Mapacha? Mungu atujalie," akatazama simu yake. Nikasubiri lile joto. Halikuja. Nikaangalia mlangoni, ndoo ya oili haina mtu, machozi yakanitoka mbele ya mgeni, nikasingizia vumbi.

Nimechanganyikiwa, Bibi. Nilimweleza Mama Mutale, maana huku sina mwingine. Akasema, "Iwe," ndiyo "wewe" ya kwao, "huna jini. Wako watu wa hivyo. Binti yangu anayesoma Lusaka aliniambia hata jina wanalo, nimelisahau. Ni watu ambao mwili hauamki mpaka akili iamshwe." Sasa ni kweli kuna watu wa hivyo? Na mbona hamkuniambia? Au wewe mwenyewe ulikuwa hivyo, maana Babu si mzuri, tusidanganyane, na bado nawasikia mkibishana mpaka leo. Na kama nimeumbwa hivyo, ni haki kosa langu limwangukie Hamidu?

Jana Sefu alikuja kuchukua tarehe ya harusi. Nikamwambia mwambie Hamidu sitaki, wazee warudishe kishika uchumba, anisamehe. Utaratibu unataka jibu la kukataa lipelekwe na aliyeleta posa, kwa hiyo nilimwambia yeye, sikuwa na wa kumwambia mwingine. Akauliza, "Nimpe sababu gani?" Nikasema sijui. Akaifuta mikono kwenye suruali yake iliyotoboka.

Akainuka. Akasema, "Kwanza nirudishe posa ya watu kwa wenyewe, nimtazame Hamidu usoni. Itakuwa vibaya. Halafu Jumamosi nitapita."

Nikamwuliza, "Umetumwa na nani?"

Akasema, "Safari hii sijatumwa."

Bibi we! Watu watasema mshenga kala posa. Baba Mdogo atapiga kelele mpaka Babati. Mimi sijui kama naogopa au nafurahi. Niandikie wewe, usimpe Mama kalamu.

Msalimie Babu, mume wetu, mwambie aache kukohoa makusudi ili apewe asali. Mama mwambie nakula vizuri. Baba Mdogo usimwambie kitu mpaka nikuambie. Shangazi mkunga msalimie, na mdogo wangu wa mwisho mwambie asome.

Leo asubuhi nimenunua kiti cha pili. Muuzaji akaniuliza cha nani, nikamlipa, nikakibeba mpaka dukani, nikakiweka penye ile ndoo ya oili.

Mimi mke mwenzako niliyechanganyikiwa,
Rukia