Soketi za Ukuta wa Ildefonce

Jumanne, 11 Machi 1997

Mashine zimefika! Randa na msumeno, zote mbili kutoka kile kiwanda cha mbao kilichofungwa. Wanaume wanane kuzishusha, na lori limekwama mara mbili kwenye mteremko. Tumeziweka kwenye banda la mawe, zamani baba aliweka kahawa humo. Nyumbani kwetu Kirua. Kwetu! Niandike ukweli basi: nyumbani kwa Ildefonce. Yeye ndiye kitindamimba, nyumba ya baba na kihamba, shamba letu la ukoo, ni vyake. Kaka mkubwa alishapewa chake zamani. Mimi wa katikati nilipewa baraka.

Ildefonce ndiye aliyeniita. Umeme wa fezi tatu umefika kwake, na kule ninakopanga Shirimatunda haupo. Mama amefurahi kupita kiasi. Wanawe wawili uani kwake.

Alhamisi, 13 Machi

Fundi umeme Elimringi amepanda kutoka mjini. Mkali, hacheki. Kaniambia hizi si mashine za kuchomeka kwenye soketi ya pasi. Volti mia nne! Zinataka soketi nyekundu za pini tano, kila moja na swichi yake na waya wa ardhini. Ya randa ampia 16, ya msumeno ampia 32. Nikauliza kwa nini zisiwe 16 zote. Akaniuliza kama nataka kupasua mbao au kuchoma nyumba.

Haya, nimekubali. Akachora alama za chaki ukutani, usawa wa kiuno. Ildefonce akasema: toboa tu fundi, ukuta huu ni wa kaka.

Nikasema, ngoja kwanza. Wote wakanitazama.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeamua. Soketi zimefungwa kwenye ubao, na waya mrefu. Ubao unatundikwa kwenye msumari, nikitaka naushusha. Elimringi aligoma nusu saa nzima — eti umeme wa namna hii hautundikwi kama koti. Mwishowe akafunga, kwa sharti moja: usiuweke chini hata siku moja.

Sababu sikumwambia. Naandika hapa. Baba mdogo Martin, naye wa katikati, alijenga banda la matofali nyumbani kwa mdogo wake. Wakagombana. Aliondoka na bawaba za mlango tu. Mimi siku ya kufukuzwa nitabeba ubao wangu kwapani, nakwenda zangu.

Ildefonce si mjinga. Kaniuliza: kaka, unaogopa nitakufukuza? Nikamjibu ni ili niweze kuhamisha mashine kirahisi. Mashine ya kubebwa na watu wanane! Akachukua panga akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Jumatano, 9 Aprili



Nilikuwa na mbao ndefu za mabenchi ya kanisa. Nimeisukuma randa kidogo kidogo kwa mtaimbo hadi mlangoni, waya wake haukufika. Nikaushusha ubao sakafuni. Dakika kumi tu, nilijiambia. Kisha nikaenda jikoni kunywa chai, swichi nimeiacha imewashwa. Mvua ikashuka. Maji yakapita chini ya mlango. Ildefonce aliyaona kutoka zizini, akakimbia kuuokoa ubao wangu. Wangu!

Nilisikia yowe. Nikazima swichi kubwa. Yuko chini, kiganja kimeungua, kimya. Yesu na Maria! Kisha akakohoa.

Alhamisi, 10 Aprili

Hospitali. Yu hai. Vidole viwili vya mkono wa kulia, daktari hajaahidi kitu.

Mama akauliza nani aliweka umeme chini. Sijafungua mdomo, Ildefonce akadakia: ni mimi mama, niliushusha nipate kufagia.

Nikanyamaza. Mimi, mtu mzima, nikanyamaza!

Jumapili, 20 Aprili

Amerudi nyumbani. Majirani wanakuja kutoa pole, na kila anayekuja anasimuliwa upya: nilikuwa nafagia, nikaushusha. Mama anamfokea mbele yao. Akili ya kuku! Kaka yako Primus anaujua umeme, wewe unashikashika nini? Yeye anacheka tu. Anakunywa mtori wa ndizi kwa mkono wa kushoto, nusu unamwagikia shati. Vile vidole havikunjiki.

Asubuhi nimekamua ng'ombe mimi. Kanipiga teke, na ana haki.

Jioni nilimfuata migombani. Nikamuuliza, kwa nini ulisema vile? Akajibu bila kunitazama: Mama angejua, ungefunga mizigo siku ileile. Si ndicho ulichokuwa unajiandaa nacho, kaka?

Ukubwa wa soketi nilichagua vizuri, pini nilichagua vizuri. Mdogo wangu ndiye niliyempima vibaya. Ningerudishiwa ile Alhamisi ya chaki, ningetoboa ukuta kwa meno!

Alipokuwa anaondoka akasema: zifunge ukutani sasa.

Jumanne, 22 Aprili

Elimringi atakuja kesho kuunganisha. Leo nimeanza kuchimba mwenyewe kwa nyundo na tindo, pale pale alipochora. Mama kasikia ugongaji, kaja hadi mlangoni. Sijamwona na hasira hii tangu baba afe. Ruwa, Mungu wangu! Mkono wa mdogo wako umeharibika, na wewe unambomolea ukuta? Ulimwomba?

Nimesimama na tindo. Jibu ninalo. Sikumwomba, mama. Alinipa mwenyewe mwezi wa tatu, mbele ya fundi, nikaukataa. Lakini nikisema hivyo atauliza nilikataa kwa nini. Halafu atauliza habari za ubao.

Nimemwambia ngoja ninawe vumbi. Nimekuja chumbani, sijanawa, naandika.

Ananiita. Mara ya pili sasa. Dirishani namwona Ildefonce amekaa uani, mkono kwenye bandeji. Mama kamgeukia yeye: wewe, ulimruhusu?

Anatazama dirisha langu. Safari hii hanijibii; ananiachia niseme mwenyewe.